Tangazo Alilolifuta Denka

Kila asubuhi, kabla hajavua koti wala kuweka kahawa jikoni, Denka Slavova aliinama chini ya meza ya jumba la kusomea akaweka kiganja juu ya sanduku la kompyuta, kama mama anavyompapasa mtoto paji la uso. Likiwa la moto, alijua limekesha kazini. Likiwa la baridi, alijua umeme ulikatika, au panya wamepita kwenye waya. Baada ya hapo ndipo alipofungua mapazia, akafuta vumbi kwenye rafu za vitabu ambavyo hakuna aliyeviazima, akaketi.

Ujana wake aliumalizia mjini Dobrich, kwenye kituo cha hesabu cha serikali, chumba chenye baridi na mashine kubwa kama makabati. Yeye na wasichana wenzake walishinda wakigonga takwimu za ngano na maziwa mpaka vidole vikafa ganzi. Serikali ile ilipoanguka, mashine ziliuzwa kama vyuma chakavu na wasichana wakatawanyika. Denka alirudi kijijini kwao Suhopole akaolewa na Stoil, dereva wa gari la mikate. Hawakupata mtoto. Stoil alikufa ghafla akiwa anapakua kreti, na tangazo la kifo chake lenye picha bado limebandikwa getini kwake, mvua imekwisha kuifuta nusu ya uso.

Jumba la kusomea lilimpa mshahara mdogo na ufunguo mkubwa. Lina ukumbi, jukwaa lenye pazia jekundu lililoliwa na nondo, na kompyuta moja iliyoletwa na mradi fulani, mradi ukaisha, kompyuta ikabaki. Denka aliifungua kama mtu anayefungua kaburi la rafiki. Alijifunza upya, polepole, kwa kuuliza watu asiowajua mtandaoni na kuvumilia dharau zao.

Kazi yake ya kujivunia ilikuwa matangazo ya sumu.

Suhopole ni nchi ya mashamba makubwa. Karibu ardhi yote imekodiwa na mtu mmoja, Kanchev, anayelima ngano, alizeti na kanola mpaka macho yanapoishia. Akinyunyiza dawa ya wadudu, nyuki walioko jirani lazima wafungiwe mizingani mpaka dawa ikauke. Zamani mnyunyizaji alibandika karatasi kwenye mlango wa duka la bibi Velika, papo hapo panapobandikwa matangazo ya vifo. Lakini Suhopole wanaokufa ni wengi kuliko wanaozaliwa, mlango ukajaa, na karatasi ya sumu ikawa inafunikwa na sura ya marehemu. Denka akasema, mniachie mimi.

Alipanga nafasi kwenye seva ya kampuni moja ya mbali. Nafasi ile ilikuwa kama nyumba ya vyumba viwili. Chumba cha mbele ni ukurasa ambao mtu anaufungua kwenye simu, anaandika atanyunyiza wapi na lini, anabonyeza, linatokea neno la kijani: limepokelewa. Chumba cha nyuma ni hifadhidata, na humo kila tangazo linapewa namba yake na kuwekwa kwenye safu yake. Halafu kulikuwa na programu ndogo aliyoiandika mwenyewe, iliyokaa hapo kijijini ndani ya lile sanduku chini ya meza. Kila jua likizama, programu ile ilienda kugonga mlango wa hifadhidata: ikataja anwani ya nyumba, ikataja jina, ikataja neno la siri, ikauliza, kesho kuna sumu wapi? Ikipata jibu inawatumia meseji wafuga nyuki wa upande huo. Isipopata, inanyamaza.

Watu walizoea haraka. Hakuna aliyefungua ukurasa kuangalia. Kila mtu alisubiri simu itetemeke mfukoni. Isipotetemeka, analala.

Katika wafuga nyuki, aliyekuwa karibu zaidi na Denka ni Radostina. Yeye na mumewe Borislav walikaa Uhispania miaka, huko Huelva, wakichuma stroberi wameinama tangu asubuhi hadi jioni, mtoto wao Yoana akilelewa na bibi yake. Walirudi na akiba yao yote wakaigeuza mizinga, wakaipanga kando ya mstari wa miti ya akasia mwisho wa kijiji. Mizinga ya wengine ilikuwa upande wa pili, karibu na makaburi.

“Shangazi Denka, nyuki wangu wananijua kuliko mwanangu,” Radostina alikuwa akisema, akicheka kwa upande mmoja wa mdomo. “Wao angalau hawaniumi bila sababu. Yoana juzi kaulizwa shuleni huyu nani. Kasema, huyu ni yule mama wa kwenye simu.”

“Atazoea.”

“Atazoea nikikaa. Na nitakaa nyuki wakikaa. Kwa hiyo wewe na sanduku lako msilale.”

Walioandika matangazo walikuwa madereva wa Kanchev, hasa Tihomir, aliyeendesha trekta ya kunyunyizia. Mikono yake mipana, herufi za simu alizigonga kwa ukucha. Denka alimfundisha siku nzima, na alipoweza alizunguka kijiji akiwaonyesha watu neno la kijani kama mtu aliyepata cheti. Tihomir alikuwa mlevi wa siku nyingi, mpole, asiyepiga mtu. Akaacha pombe ghafla mwezi wa Februari, siku ya Mtakatifu Trifon, sikukuu ya mizabibu, ambayo kijiji kizima kinalewa kwa baraka za kanisa. Jambo hilo halikusahaulika.

“Tiho, leo tena huchukui kachupa?” bibi Velika alimchokoza dukani, Denka akiwa pale ananunua mkate. “Rakia inalalamika, inasema umeitelekeza.”

“Iambie nimeoa maziwa ya mgando.”

“Mtu anaacha pombe siku ya Trifon, siku ambayo padri mwenyewe anashika ukuta. Wewe si mzima.”

“Siku hiyo foleni ya kuacha ilikuwa fupi, bibi. Nilikuwa peke yangu.”

Denka alicheka mpaka akaangusha chenji. Ilikuwa Aprili, na hakuwa na wasiwasi na kitu chochote.

Mwezi huohuo kampuni iliyompangisha nafasi iliandika kwamba kifurushi chake kinafutwa, na kingine kilichopo ni ghali. Mwenyekiti wa kijiji akasema atafute cha bei rahisi. Denka akatafuta, akapata nafasi kwenye kampuni nyingine, akahama. Kuhama hifadhidata si jambo la kutisha kwa anayejua. Unainakili yote, unaimwaga kwenye nyumba mpya, halafu unaubadilishia ukurasa ile anwani yake, ili ukigonga ugonge mlango mpya. Alifanya hivyo kwa utulivu, mchana kutwa. Ukurasa ukafunguka vizuri, matangazo ya zamani yote yakaonekana. Nyumba ya zamani aliiacha kama ilivyo, kodi yake iishe yenyewe.

Alichosahau ni programu ya chini ya meza. Nayo ilikuwa imeandikiwa anwani ya zamani, siku nyingi, katika mstari mmoja ambao hakuwa ameugusa tangu Stoil yu hai.

Kujaribu kungekuwa rahisi. Angeandika tangazo la uongo, la sumu isiyokuwepo, angesubiri jioni aone kama meseji itafika. Hakujaribu. Suhopole hakuna anayeandika tangazo la uongo. Tangu enzi za mlango wa Velika, karatasi ya sumu na karatasi ya kifo zilikuwa zinatundikwa kwa msumari mmoja, na kila mtu anamkumbuka kijana aliyebandika kifo cha babu yake kwa mzaha, na babu akazikwa kabla ya mavuno. Denka, aliyejua kabisa kwamba mashine ni waya na umeme, alikaa mbele ya kibodi, akaandika jina la eneo, akaona vidole vyake vimekataa. Akafuta. Akajiambia, tangazo la kweli likija tutaona.

Likaja Mei, akasia zikiwa zimechanua nyeupe na kanola njano chini yake. Tihomir alikaa kwenye kivuli cha trekta akaandika kwamba alfajiri inayofuata atanyunyiza lile shamba la kando ya miti. Neno la kijani likatokea. Tangazo likaingia hifadhidata mpya, likakaa kwenye safu yake. Jua lilipozama, programu ikaenda kugonga nyumba ya zamani. Ikafunguliwa, maana neno la siri lilikuwa bado halali. Ikauliza, ikajibiwa hakuna kitu. Ikanyamaza. Asubuhi Denka alipogusa sanduku lilikuwa la moto kama kawaida.

Radostina aliingia jumba la kusomea na beseni la kufulia. Hakusalimia. Aliliweka juu ya kibodi. Lilikuwa limejaa nyuki, wengine bado wanatambaa juu ya wenzao, ndimi zimetoka nje kama nyuzi za shaba.

“Meseji yangu iko wapi, shangazi?”

“Hukupata?”

“Ningepata ningekuja na beseni?”

Denka alisogeza beseni pembeni kwa mikono miwili, akafungua ukurasa. Tangazo la Tihomir lilikuwepo, eneo sahihi, siku sahihi. Kisha akafungua programu ya chini ya meza, akasoma ule mstari. Aliusoma mara ya pili. Nyuki mmoja alipanda ukingo wa beseni, akadondoka kwenye meza, akaanza kujizungusha.

“Ni mimi,” alisema.

“Ni wewe nini?”

“Tuliponunua nafasi mpya niliuhamisha ukurasa, huyu wa chini ya meza anayetuma meseji sikumhamisha. Tiho kaandika kwenye nyumba mpya. Huyu kaenda kuuliza ya zamani.”

Radostina alivuta kiti akakaa. Alikuwa na chavua ya njano kwenye nyusi. Alitazama ukutani, kwenye picha ya walimu waliolianzisha jumba lile.

“Borislav anachimba shimo,” alisema. “Karibu mizinga yote imekwisha. Iliyobaki haitafika Jumapili.” Halafu, bila kubadilisha sauti: “Tume inakuja kesho kutoka mjini. Wamesema mnyunyizaji kama alitangaza, hasara ni yetu. Kama hakutangaza, Kanchev analipa kila mzinga.”

“Najua.”

“Kwa hiyo kule kwenye nyumba ya zamani hakuna tangazo.”

“Hakuna.”

“Basi waonyeshe kule.”

Denka aliendelea kuutazama ule mstari kwenye skrini.

“Si uongo, shangazi. Watauliza kama kuna kitu, utafungua, hakuna kitu. Hutatia neno lolote.”

“Na Tiho?”

“Tiho atafokewa. Amezoea kufokewa. Kanchev ndiye anayelipa, na Kanchev akilipa ni kama mbwa mwitu kapoteza unyoya mmoja. Ardhi ya Stoil kakodi kwa bei gani? Umewahi hata kumwuliza?”

“Tiho ameacha pombe, Radostina.”

“Februari. Nani anahesabu hiyo kuacha?” Radostina akainuka, akalichukua beseni lake. Mlangoni aligeuka. “Nikirudi Huelva safari hii, yule mtoto hatanijua hata kwa simu. Mimi nimeshasema. Sasa wewe ndiye mwenye funguo.”

Mchana ule Denka hakula. Kulikuwa na kipande cha banitsa, andazi la jibini, kwenye karatasi, kikatoa mafuta mpaka karatasi ikaonyesha meza. Saa nane hivi alifungua faili la ukurasa, akafuta anwani mpya, akarudisha ya zamani. Akafungua ukurasa upya: tangazo la Tihomir halipo. Ilikuwa kazi ndogo kuliko kufunga vifungo vya koti.

Kisha akakumbuka kwamba nyumba mpya bado ipo, na tangazo limekaa humo. Mtu wa tume akiwa na akili kidogo angeweza kuuliza. Alitaka kulifuta lile moja tu, lakini kila tangazo lina namba yake, na ukiondoa moja katikati pengo linabaki, na yeye alifundishwa Dobrich kwamba pengo linapiga kelele kuliko kosa. Kwa hiyo aliifuta hifadhidata yote. Skrini ilimwuliza kama ana hakika, kwani kikifutwa hakirudi. Akabonyeza. Akafunga na mkataba wa nafasi ile. Alipomaliza alinawa mikono kwa sabuni, ingawa hakuwa amegusa kitu.

Tume ilikuja: daktari wa mifugo, mwanamke mwenye viatu vilivyojaa udongo na sauti ya mtu aliyechoka, pamoja na wanaume wawili wenye mafaili. Walikaa ukumbini chini ya jukwaa. Kanchev alikuja na kizibao safi, akitafuna mbegu za alizeti na kukusanya maganda kiganjani, mtu wa adabu. Radostina na Borislav walikaa bega kwa bega. Tihomir alisimama, amevua kofia.

“Ulitangaza?” daktari alimwuliza.

“Nilitangaza, daktari. Nilikuwa kwenye kivuli cha trekta. Nikaandika, likatokea lile neno la kijani. Dada Denka hapa anajua, yeye ndiye aliyenifundisha.”

Wote wakamgeukia Denka. Akaigeuza skrini ili waione. Matangazo ya Aprili yalikuwepo, yamepangika. La Mei halikuwepo.

Tihomir alisogea mpaka pua yake ikakaribia kioo. Midomo ilikuwa inasoma.

“Shuka chini kidogo, dada,” alisema kwa upole. “Labda liko chini.”

Denka alishusha. Palikuwa peupe.

“Hakuna chini, Tiho.”

Hayo ndiyo maneno yote aliyosema siku ile.

Kanchev alimimina maganda yake kwenye kisahani. “Mnaona mambo yangu? Nimempa trekta ya thamani ya kijiji kizima, yeye ananiletea hadithi ya neno la kijani. Lilikuwa la kijani, Tiho, au ilikuwa chupa ya kijani?”

Mmoja wa wanaume wenye mafaili alicheka puani. Tihomir aliweka sahihi palipooneshwa, taratibu, akiminya kalamu. Kanchev alimwomba funguo za trekta palepale, akanyoosha mkono huku akiongea na daktari habari za mvua.

Siku zilizofuata kijiji kilisema Kanchev amepatikana, na kwa mara ya kwanza watu walimsifu Denka na mashine yake. Bibi Velika alimpa mtungi wa lutenitsa, rojo la pilipili hoho na nyanya, na kukataa malipo. “Ile mashine haiogopi tajiri,” alisema. “Sisi sote tunamwogopa, yenyewe haiogopi.” Denka aliuchukua mtungi kwa sababu hakujua namna ya kuukataa.

Tihomir alienda kwa Radostina. Denka aliwaona kwa mbali: yeye na Borislav wakichoma viunzi vya mizinga, moshi wa nta mweusi ukilala juu ya akasia, Tihomir akibeba, akitupa, akirudi kubeba. Hakuna aliyemwita. Jioni alipopita getini kwa Denka alisimama, mashavu yana masizi.

“Nimewaomba radhi,” alisema. “Yule mwanamke hata hakunitukana. Bora angenitukana.”

“Uliomba radhi ya nini?”

“Dada, nimekaa nimefikiri. Lile neno la kijani labda niliona siku nyingine. Siku ile nadhani nilitaka kuandika, simu ikalia, au sijui nini, nikaamini nimeandika. Kichwa changu kimelowa miaka mingi. Mtu akiacha pombe anadhani amerudi mzima, kumbe kuna vyumba vimeshaoza.” Akajaribu kutabasamu. “Mashine ingenidanganya kwa faida gani?”

Denka alishika mti wa geti. “Tiho, uliandika.”

“Asante.”

“Sikwambii kwa huruma. Uliandika. Nililiona.”

“Asante, dada,” alisema tena, kwa sauti ya mtu anayepewa kiti asichokihitaji, akaenda zake.

Wiki iliyofuata Denka alimkuta nje ya duka, amekaa kwenye kreti saa nne asubuhi, miguu imetengana, chupa katikati. Bibi Velika alikuwa akifagia kumzunguka.

“Rakia imemsamehe,” alisema Velika. “Tulijua wangerudiana.”

Denka alienda moja kwa moja jumba la kusomea akapiga simu kwa kampuni ya nafasi mpya. Alipokea kijana mwenye adabu, nyuma yake watu wengine wengi wakiongea kwa adabu ileile. Denka alimweleza kwamba alikuwa mpangaji wao, kwamba amefuta hifadhidata, kwamba anataka tangazo moja tu.

“Naona hapa ulifunga mkataba mwenyewe, mama.”

“Mimi mwenyewe.”

“Mteja akifunga tunasafisha nafasi. Kwa kifurushi kile hatubaki na nakala.”

“Hata safu moja?”

“Hata safu moja, mama. Kuna kingine naweza kukusaidia?”

Alipiga tena, safari hii kwa daktari wa tume. Daktari alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza ana kitu gani cha kuonyesha. Denka akasema hana. Daktari akasema taarifa imeshapelekwa, kwamba anaelewa vijijini watu wanaoneana huruma, na kwamba ana ng'ombe wanaomsubiri.

Palibaki ukumbi. Jumatano jioni, jua likiwa bado juu, wanawake wa kwaya hufanya mazoezi pale, na Radostina alikuwa ameanza kuimba nao. Denka alimwomba Tihomir aje. Alikuja amechana nywele, ananuka, akakaa kiti cha nyuma kabisa. Bibi Velika, aliyekuwa anaongoza sauti ya kwanza, alikuwa ameshafungua mdomo Denka alipopanda ngazi mbili za jukwaa.

“Ngojeni,” alisema. “Nina neno. Tihomir alitangaza. Tangazo lake lilifika. Mimi nilihama seva nikasahau kuihamisha programu inayotuma meseji, ikawa inauliza kusiko na kitu. Nyuki wamekufa kwa kosa langu. Halafu nikalifuta tangazo ili tume isilione. Nililifuta kwa mkono wangu. Tiho hana hatia.”

Wanawake walitazamana. Mmoja akakohoa.

“Denka wewe,” alisema Velika, si kwa ubaya, “mbona wiki nzima unatembea kama mgonjwa, kumbe ni hili. Huyu mtu alikunywa hata siku ya mazishi ya mama yake.”

“Hakunywa siku ile ya tangazo.”

“Basi tuonyeshe hilo tangazo.”

“Nimesema nimelifuta.”

“Sasa,” alisema Velika akafungua mikono. Miaka yote Denka mwenyewe ndiye aliyewaambia, kila walipokuja kulalamika kwamba meseji haikuja, kwamba kisichokuwemo kwenye hifadhidata hakikuandikwa. Walimwamini. Walikuwa wanamwamini mpaka sasa.

Denka akamtafuta Radostina kwa macho. Radostina alikuwa safu ya pili, ameshika karatasi ya wimbo kwa mikono yote miwili. Barua ya malipo ilikuwa imeshafika. Mizinga mipya ilikuwa imeshaagizwa. Yoana alikuwa amekaa ukingoni mwa jukwaa, anasuka nyuzi za pazia, na dakika chache kabla alikuwa amemwita, mama, mama njoo uone.

“Radostina anajua,” alisema Denka. “Yeye ndiye niliyemwambia kwanza. Mwulizeni.”

Radostina alikunja karatasi mara moja, akaikunja tena.

“Shangazi Denka ana moyo mwepesi,” alisema. “Tangu yule mtu arudie chupa hapati usingizi. Mimi simlaumu.” Hakuinua macho. “Mimi nilikuta hakuna tangazo. Hakuna kingine ninachokijua.”

Borislav, aliyekuwa dirishani, alitoka nje kuvuta sigara.

Kiti cha nyuma kililia. Tihomir alikuwa amesimama, anashikilia kiti cha mbele yake ili asiyumbe.

“Inatosha, dada,” alisema. “Usijibebeshe. Ukianza kuwa mwongo kwa ajili yangu, hapa kijijini tutabaki na nani wa kumwamini?”

Wanawake wengine walitikisa vichwa kwa huzuni, wakimtazama Denka kwa upendo kweli, kama anavyotazamwa mjane.

Denka alishuka ngazi mbili. Alipita mezani, akavua ufunguo mkubwa shingoni, akauweka karibu na kompyuta iliyokuwa inavuma. Akachukua mkoba na kitambaa chake cha kichwa. Velika alimwambia, kaa basi unywe chai, lakini tayari alikuwa anatafuta sauti ya kwanza, na wengine wakaanza kumfuata. Denka alipita katikati ya viti, akampita Tihomir bila kumgusa, akafungua mlango. Barabara ya Dobrich ilikuwa kavu na nyeupe. Waliokuwa karibu na dirisha walimwona akipita geti la nyumba yake bila kuingia, halafu mstari wa akasia, halafu kanola iliyokuwa imeshadondosha maua yake yote, na huko mbele mavumbi ya lori yakamfunika. Walidhani atarudi kabla ya giza, wakamwachia mlango wazi.

Hakurudi.